Mtoto mdogo anayeharisha wiki baada ya wiki: hatua za kufuata nyumbani na kliniki

Mtoto wa miaka miwili akiharisha siku tatu nne, wazazi wengi wanajua la kufanya: ORS, zinki, kuendelea kumnyonyesha na kumlisha. Mwongozo huu unamhusu mtoto mwingine. Tumbo lake lilianza kuendesha, likatulia kidogo, likarudi, na sasa ni wiki ya tatu au mwezi wa pili. Bibi anasema ni meno. Jirani ananong'ona kwamba kabemendwa. Duka la dawa limeshauza chupa ya pili ya Flagyl ya maji, na choo bado ni kilekile.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), kuhara kukifikisha siku 14 kunahesabiwa kuwa ni kwa muda mrefu. Kukipita wiki nne, madaktari wengi hukuita sugu. Hapo swali la kwanza si dawa gani inunuliwe. Ni hili: je, mtoto anaongezeka uzito? Watoto wawili wenye choo kinachofanana kabisa wanaweza kuhitaji matunzo tofauti, na mzani ndio unaowatenganisha. Yaliyomo humu ni kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Mchanga wa chini ya miezi sita ana taratibu zake, naye asikae nyumbani akisubiriwa.

Kabla ya yote: asiyetakiwa kusubiri

Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila anachopewa;
- amelegea, kumwamsha ni kazi, au amepata degedege;
- macho yamedidimia, mkojo umekatika kwa saa nyingi, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole;
- choo kina damu;
- nyayo zote mbili zimevimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki;
- ana homa kali, au tumbo limejaa na kuwa gumu.

Kipimo cha kufinya ngozi kina mtego. Kwa mtoto aliyekonda ngozi hurudi polepole hata kama maji mwilini yanatosha, na kwa mnene hurudi haraka hata akiwa amekaukiwa. Kwa hiyo usikitegemee peke yake. Tazama pia macho, mkojo na jinsi anavyopapia kikombe.

Mtoto aliyeharisha siku 14 au zaidi na ambaye pia ana dalili za kupungukiwa maji anatakiwa kulazwa. Ndivyo miongozo ya huduma za watoto inavyoelekeza, kwa hiyo ukipewa pakiti mbili za ORS na kuambiwa urudi nyumbani, uliza kwa upole lakini uulize. Njiani kwenda huko endelea kumnyonyesha na kumpa ORS kijiko kwa kijiko.

Hatua ya 1: Hesabu, andika, piga picha

Kuhara ni kupata choo laini au cha majimaji mara tatu au zaidi kwa saa 24, tofauti na kawaida ya mtoto huyo. Chukua daftari na kwa siku tatu hivi andika: amekwenda mara ngapi, saa ngapi, choo kilikuwaje (maji matupu, makamasi, mafuta yanayoelea, harufu iliyozidi, vipande vya chakula), na kila alichokula na kunywa. Kila kitu, hata ile soda aliyonjeshwa na mjomba.

Mambo mawili huwa na uzito mkubwa kuliko wazazi wanavyodhani. Moja ni usiku. Mtoto anayeamshwa na choo usiku wa manane ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ugonjwa kuliko yule anayemaliza safari zake zote kabla ya kulala. La pili ni mapumziko. Kama katikati alikaa siku mbili tatu na choo cha kawaida kabisa kisha akaanza upya, huenda hana kuhara kwa muda mrefu hata kidogo. Anapata maambukizi mapya kila mara, na tatizo liko kwenye maji, mikono au vyombo. Huyo hatua ya 6 ndiyo yake.

Picha ya choo kwenye simu haipendezi, lakini daktari ataelewa kwa sekunde moja kile ambacho maneno yangechukua dakika kumi kueleza.

Hatua ya 2: Mzani na kadi ya kliniki

Nenda naye kliniki ya watoto akapimwe, kisha tazama mstari wa ukuaji kwenye kadi. Usiishie kwenye kilo za leo. Fuata mwelekeo wa miezi mitatu iliyopita: unapanda, umelala, au unashuka? Mtoto wa kilo 11 anaweza kuwa salama au hatarini kutegemea alikuwa na kilo ngapi mwezi uliopita.

Mwombe muuguzi ampime pia mzunguko wa mkono kwa utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, maana yake utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wengi wanao utepe huo, kwa hiyo usikose kipimo kwa sababu tu kituo kiko mbali.

Kuanzia hapa njia zinagawanyika.

Hatua ya 3: Kama anaharisha lakini anakua vizuri

Anacheza, anakula, anaongezeka uzito, hana homa, analala usiku kucha, ila anachafua nepi mara nne tano kwa siku na ndani unaona punje za mahindi, maganda ya maharage, vipande vya karoti. Wazazi huogopa kwamba chakula "hakikai tumboni". Mara nyingi hii ni hali isiyo ugonjwa, ambayo madaktari wa watoto wanaijua vizuri: utumbo wa mtoto wa umri huu unapitisha vitu haraka, na meno yake hayajaweza kusaga kila kitu. Wengi huiacha kabla ya kuanza shule.

Kinachoichochea kwa kawaida kipo kwenye kikombe. Juisi ya boksi, juisi ya unga, soda, na hata juisi halisi ya embe au tufaha ina sukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuifyonza yote. Inayobaki huvuta maji na kulainisha choo. Anza hapo kabla ya kugusa dawa yoyote:

Ondoa juisi na soda kwa wiki mbili, mpe maji. Baadaye, ukitaka kurudisha juisi, isizidi mililita 120 kwa siku, kama nusu kikombe. Tunda lenyewe akalitafuna, hilo halina shida. Punguza pia kunywa kunywa kila dakika. Kuna watoto wanaotembea na chupa mkononi kutwa nzima, wanashiba maji kisha wanakataa ugali. Halafu rudisha mafuta. Chakula kikavu kisicho na mafuta hupita utumboni haraka, kwa hiyo mboga ikaangwe, uji upate kijiko cha siagi ya karanga, parachichi liwepo.

Hapa kuna kosa linalofanyika mara nyingi: mzazi anamwona anaharisha, anamkatia maharage, mboga, mafuta na nyama, anabaki na uji mweupe wa mahindi na maji ya mchele kwa mwezi mzima. Mtoto aliyekuwa mzima anaanza kukonda kwa sababu ya matibabu.

Chunguza pia kitu kingine. Mtoto anayechafua chupi kwa choo cha majimaji kidogo kidogo, huku siku nyingine akitoa kinyesi kikubwa kigumu kwa kulia, huenda amefunga choo. Kinyesi kigumu kimekaa chini, cha maji kinapita pembeni. Kumpa dawa ya kuzuia kuhara mtoto huyu ni kumzidishia shida. Daktari atamgundua kwa kumpapasa tumbo.

Hatua ya 4: Kama anaharisha na uzito umesimama au unashuka

Hapa ndipo penye kazi, na dawa kubwa ni chakula.

Kinachotokea tumboni ni hiki. Ukuta wa utumbo mdogo una vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula, na kwenye ncha zake ndiko kuna kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Maambukizi yakikwangua ncha hizo, maziwa freshi hayasagiki, yanachacha utumboni, mtoto anajaa gesi na kuharisha maji yanayounguza makalio. Vinyweleo huota upya, lakini kwa malighafi ya chakula. Mtoto asipolishwa havioti, visipoota anaendelea kuharisha, na akiendelea hivyo hamu ya kula inakwisha. Duara hilo linakatwa kwa kijiko.

Maziwa ya mama yaendelee, tena mara nyingi zaidi ya kawaida, mchana na usiku. Hayo hayahusiki na katazo lolote la maziwa. Anayetumia maziwa ya ng'ombe au ya kopo, badilisha: mpe mtindi au maziwa lala, kwa kuwa bakteria wake wameshala sehemu ya sukari hiyo. Kama hakuna, punguza maziwa kwa nusu na ujaze nafasi hiyo kwa chakula kizito. Maziwa ya kopo yenye sukari, yale ya kuwekea chai, si ya mtoto huyu.

Mlishe angalau mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kutiririka. Uji mwepesi wa kunywa kwa chupa ni maji yenye rangi, unajaza tumbo na kuacha mwili na njaa. Mfano wa siku moja nyumbani:

Asubuhi, uji mzito wenye unga wa karanga na kijiko cha chai cha mafuta. Saa nne, mtindi na ndizi mbivu iliyopondwa. Mchana, wali laini au ugali na maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, pamoja na mchicha uliokaangwa. Alasiri, viazi lishe au boga na yai. Jioni, ndizi za kupika na samaki aliyetolewa miiba, au dagaa waliosagwa. Kabla ya kulala, uji tena. Anayenyonya ananyonya kati ya hivyo vyote.

Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinaongeza kilokalori zipatazo 40 bila kuongeza ukubwa wa mlo, na kwa mtoto anayeshiba kwa vijiko vinane hiyo ni faida kubwa. Kuhusu uji wa lishe wa kuchanganya nafaka kumi na mbili, sioni sababu. Nafaka moja au mbili na karanga au soya iliyokaangwa vizuri inatosha, na mtoto akipata shida ni rahisi kujua nini kimemkataa. Karanga zichaguliwe, zenye ukungu zitupwe.

Akikataa kula usimlazimishe kwa kumbana pua. Subiri dakika chache, badilisha chakula, mkalishe mapajani, jaribu tena. Aliye kwenye nyekundu ya utepe asiachwe kwa vyakula vya nyumbani peke yake. Anahitaji chakula dawa (chakula maalumu cha pakiti cha kutibu utapiamlo mkali) na ufuatiliaji wa kliniki ya lishe.

Hatua ya 5: Maji, zinki, na dawa za kukataa

ORS hairudishi choo kuwa kigumu, wala haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Inarudisha maji na chumvi zilizopotea. Soma pakiti: nyingi ni za lita 1, nyingine za nusu lita, na kukosea hapo kunaweza kumpa mtoto chumvi nyingi kupita kiasi. Baada ya kila choo cha majimaji, aliye chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100, wa miaka miwili na zaidi 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole zaidi. Iliyobaki baada ya saa 24, mwaga.

Kwa walio pwani: dafu ni zuri kama kinywaji cha kuongezea, ila sodiamu yake ni ndogo, haliwezi kuchukua nafasi ya ORS. Unga wa glukosi ambao wageni hupenda kumletea mgonjwa mwekee mtu mzima. Sukari tupu nyingi huvuta maji utumboni na kuzidisha kuhara.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa kuanzia miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Wengi huacha siku ya tatu choo kikipungua, wakati kazi yake ya kusaidia ukuta wa utumbo kujijenga haijaisha. Maliza siku zote. Kliniki inaweza kuongeza vitamini na madini mengine, na vitamini A kama hajapata dozi yake ya miezi sita.

Sasa zile za kukataa. Loperamide na nyingine za kufunga choo si za mtoto wa umri huu. Zinaweza kusimamisha utumbo kabisa. Metronidazole, ile Flagyl, inatibu vijidudu vya utumboni viitwavyo giardia na amiba, haitibu virusi wala utumbo uliochubuka, na kuirudia bila kipimo kunamwondolea mtoto hamu ya kula, kitu anachokihitaji kuliko vyote. Antibiotiki kwa ujumla ni za kuhara damu, kipindupindu, au maambukizi mengine yaliyothibitishwa. Nyingine zenyewe husababisha kuhara, kwa hiyo mweleze daktari kila dawa aliyotumia mwezi uliopita.

Hatua ya 6: Ziba mlango wa vijidudu

Mtoto anayejifunza kutembea huweka kila kitu mdomoni. Kama kuku wanazurura uani na kunya pale anapocheza, anza na hilo: wafungie banda au mtandikie mtoto mkeka ulio safi na umsimamie. Chupa ya kunyonyea yenye chuchu ni ngumu kusafisha, hasa kwenye uzi wa kifuniko na tundu la chuchu. Itupe. Kikombe cha wazi na kijiko vinaoshwa kwa sekunde chache.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo cha kwenye chupa na kusubiri nusu saa. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, si ndoo inayochotwa kwa kikombe chenye mikono ya watu wote. Uji uliopikwa asubuhi na kukaa kwenye joto hadi jioni usirudiwe. Chupa ya chai ya kuhifadhi joto hukaa kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda. Pika kidogo, mara nyingi.

Kinyesi cha mtoto kina madhara kama cha mtu mzima. Kitupwe chooni, pampasi zisiachwe nyuma ya nyumba, na anayemsafisha anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Hilo linamhusu dada wa kazi, shangazi na baba pia.

Makalio yaliyochubuka yaoshwe kwa maji matupu, yakaushwe kwa kugusagusa, yapakwe mafuta mazito kama vaselini au krimu ya zinki, na mtoto aachwe bila nepi kadiri inavyowezekana.

Hatua ya 7: Unapokaa mbele ya daktari

Nenda na daftari, kadi, picha na majina ya dawa zote. Ombi la kipimo cha choo ni halali. Sampuli iwe mbichi, ifike maabara mapema. Giardia haionekani kila siku, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" mara moja halimalizi mjadala. Sampuli tatu za siku tofauti zinaaminika zaidi. Giardia huja na choo chenye mafuta, harufu kali na tumbo linalojaa gesi. Widal, kipimo cha damu cha homa ya matumbo, kwa mtoto anayeharisha mwezi mzima haikusaidii.

Uliza pia kama amechunguzwa masikio, mapafu na mkojo. Maambukizi yaliyojificha huko huweza kuendeleza kuhara, na mara nyingi hakuna anayetazama. Kifua kikuu nacho kiulizwe, hasa kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu.

Kipimo cha virusi vya UKIMWI kifanyike hata kama alipimwa akiwa mchanga na kukutwa salama. Mtoto anayenyonya anaweza kuambukizwa baadaye kupitia maziwa, hivyo jibu la wiki sita si la mwisho. Kuanzia miezi 18 kipimo cha haraka hutosha. Chini ya hapo, kingamwili za mama huchanganya jibu na hutumika kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Kumpima si kumtuhumu mama. Akikutwa navyo, dawa zipo, na kuhara huko mara nyingi hupungua zikianza kazi.

Minyoo hutibiwa kwa dozi ya kawaida ya kila miezi sita, lakini dozi hiyo moja haiondoi giardia. Mzio wa maziwa na wa ngano hufikiriwa baadaye kama mengine yote yamekaa kimya. Usimkatie vyakula hivyo kwa kubahatisha.

Meno, kubemenda, na meno ya plastiki

Meno huota miezi ileile ambayo mtoto anatambaa, anaokota, na kinga aliyotoka nayo kwa mama imepungua. Ndiyo maana vinafuatana. Meno hayaharishi wiki tatu.

Kubemenda ni kugumu zaidi kuzungumzia, kwa sababu kunabeba aibu ya ndoa. Mama anaambiwa mtoto amedhoofu kwa sababu yeye au mumewe wamekutana kimwili akingali ananyonya, au mmoja ametoka nje. Matokeo yake anamficha mtoto, au anamwachisha ziwa ghafla, jambo baya kuliko yote katika hali hiyo. Dalili zinazotajwa, kukonda, kuharisha, kuchelewa kutembea, ndizo dalili za utapiamlo, nao unatibika. Kama bibi anataka kumwogesha dawa za mitishamba, mgogoro hauna faida. Amwogeshe, lakini asimnyweshe, na kliniki isiahirishwe.

La meno ya plastiki halina maelewano. Uvimbe mweupe kwenye fizi, ambao watu huuita hivyo na kuulaumu kwa kuhara, ni meno ya kawaida yanayokuja. Kuyachokoa kwa wembe au spoku ya baiskeli kunaleta damu kupotea, maambukizi na pepopunda kwa mtoto ambaye tayari ni dhaifu.

Hatua ya 8: Siku ya tano, na mwezi unaofuata

Baada ya siku tano za matunzo haya mrudishe kliniki. Kama bado anapata choo laini mara tatu au zaidi kwa siku, achunguzwe upya kikamilifu au apewe rufaa. Kama kimepungua, endelea na ulaji uleule na urudishe maziwa freshi polepole, nusu kikombe kwanza kikiwa kimechanganywa na uji.

Choo kikishatulia, ongeza mlo mmoja zaidi ya kawaida kila siku kwa angalau mwezi mmoja. Apimwe uzito kila baada ya wiki mbili hadi mstari wa kadi urudi ulipokuwa, na chanjo iliyokosekana wakati anaumwa, hasa ya surua, ikamilishwe siku hiyohiyo ya mzani.